Kuona, Kuonekana na Kuonana: Istilahi za Kona za Mitaa

Rasimu moja ya tafsiri ya kanuni za ujenzi katika viwanja vya makazi ilipita mikononi mwetu ikikaribia kupigwa chapa. Lugha yake ilikuwa nyoofu, na mfasiri hakukopa maneno ovyo. Hata hivyo, kifungu kifupi kihusucho kona za mitaa kilikuwa na makosa matatu ya istilahi. Twayajadili hapa si kwa nia ya kumwaibisha mfasiri, bali kwa kuwa sisi sote tungaliweza kuyatenda.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Dereva akaribiapo mahali njia mbili zinapokutana, hana budi amwone ajaye kutoka upande wa pili mapema kiasi cha kuweza kusimama. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha kawaida mijini katika Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. AASHTO, chama cha idara za barabara kuu na uchukuzi za majimbo ya Marekani, katika mwongozo wake humkadiria dereva sekunde 2.5 za kutambua hatari na kukanyaga breki. Katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 35 hivi. Zikiongezwa zile za breki kushika mpaka gari litulie, jumla hufika kama mita 65. Ndiyo maana kwenye kona hutengwa eneo la umbo la pembetatu lisilopasa kuzibwa kwa ukuta, michongoma wala kibanda.

Rasimu iliuita umbali huo “umbali wa kuonekana kwa dereva”. Twauliza: anayeonekana ni nani? Kwa sarufi yetu, ni dereva. Basi mwenye kiwanja atasimama nje ya ua wake, atatazama gari lijalo, na akiliona paa lake juu ya michongoma atasema kuwa sheria ameitimiza. Kumbe aliyeketi ndani ya gari hilo haoni kitu ila majani. Mnyambuliko mmoja wa kitenzi umemgeuza mwenye kutazama kuwa mwenye kutazamwa, na wajibu umehama.

Aya iliyofuata ilibadili neno na kusema “umbali wa uoni”. Walimu wanalijua neno hili katika “uoni hafifu”, lisemwalo juu ya wanafunzi ambao macho yao ni dhaifu. Uoni ni nguvu ya jicho. Msomaji atadhani kifungu chahusu kupimwa macho kwa dereva, ilhali chahusu kimo cha ukuta. Wala “upeo wa macho” haufai, kwani wanajiografia wameshautwaa kwa mstari ambapo mbingu na ardhi huonekana kukutana.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi. Rasimu iliagiza kwamba ua “usizidi kimo cha macho ya dereva”. Dereva ni mtu, na mtu mzima asimamapo macho yake huwa aghalabu kwenye mita moja na nusu hivi. Lakini mwongozo tulioutaja huhesabu jicho la dereva wa gari dogo kuwa mita 1.08 kutoka barabarani, maana dereva ameketi. Kwa kukosekana neno “aliyeketi”, ua wapata ruhusa ya kupanda karibu nusu mita zaidi, na nusu mita hiyo yatosha kumficha mtoto atokaye dukani.

Mwenzetu mmoja alipendekeza “umbali wa kuonana”. Hoja yake haikuwa dhaifu: madereva wawili wakaribiapo kona hupimwa kwa kimo kimoja cha jicho, hivyo amwonaye mwenziwe naye huonwa. Tuliikataa kwa sababu mbili. Kwanza, kuonana kwetu ni kukutana, na kukutana kwa magari katika kona ndiko hasa tunakokukimbia. Pili, si kila kinachopasa kuonwa kina macho. Katika kukokotoa umbali wa kusimama, mwongozo huohuo hutumia kitu chenye kimo cha mita 0.6 tu, na kitu hicho hakimwoni mtu.

Kwa hiyo twapendekeza “umbali wa kuona” kwa dhana ya jumla. “Umbali wa kuona na kusimama” kwa ule unaojumlisha kutambua hatari na kufunga breki. “Pembetatu ya kuona” kwa eneo la kona. Na “kimo cha jicho la dereva aliyeketi”, kikifuatwa daima na tarakimu yake. Maneno haya hayana fahari, na la mwisho ni refu. Lakini kanuni hii haisomwi na wahandisi peke yao. Husomwa na karani wa ardhi, na fundi mwashi, na mwenye nyumba mwenye panga mkononi akikata michongoma yake. Istilahi isiyomwambia akate mpaka wapi haijasanifiwa bado.

Wasomaji walio na maneno bora zaidi tunawakaribisha wayalete.