Jongoo walivyogeuza timbo la Bamburi kuwa msitu

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa papo hapo: mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyoota zama ambazo bahari ilifunika eneo hilo. Katika miaka 20 ya mwanzo zilichimbwa zaidi ya tani milioni 25 za mwamba huo. Kilichobaki ni timbo jeupe linalounguza nyayo, halina udongo hata wa kuotesha mchicha, na maji yaliyo karibu tu chini yake yana chumvi.

Kampuni ikifika hapo, rahisi kwake ni kuzungusha ua na kuhamia timbo jingine. Au isombe udongo mwekundu kwa malori, yaani izibe shimo moja kwa kuchimba jingine. Badala yake, mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti kwenye mwamba mtupu. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, mti wa damas wenye asili ya Somalia, na mvinje.

Kazi kubwa iliangukia mvinje. Ni mti ambao kila mtu wa Pwani anaujua. Husimama ufukweni ukipigwa na upepo wa chumvi na usijali. Mizizi yake ina vinundu vinavyohifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hujipatia mbolea ambayo timbo halikuwa nayo. Miti ikaota, ikarefuka, ikatia kivuli.

Lakini mradi ukakwama mahali ambapo pengine wengi wangedhani umeshafaulu. Majani ya mvinje ni vijiti vyembamba vyenye tanini nyingi, na bakteria hawavipendi. Yalidondoka, yakalundikana, yakakauka bila kuoza. Bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji mti mwingine hauna pa kushika. Kwa macho ya mpita njia ulikuwa msitu; kwa mkulima zilikuwa nguzo zilizopangwa juu ya jiwe.

Dawa ikawa jongoo. Ni yule mweusi anayeng'aa, mwenye miguu myekundu na urefu wa kama kiganja, ambaye watoto humgusa makusudi ili ajiviringe. Yeye majani ya mvinje huyatafuna. Anachotoa ni vidonge vidogo vya kinyesi ambavyo bakteria sasa wanaweza kuvimalizia. Mamia ya jongoo waliachiliwa timboni, na mboji ikaanza kujengeka juu ya mwamba. Hapa ndipo penye ubunifu wenyewe: Haller alitafuta hatua moja iliyokwamisha mzunguko mzima, akaifungua kwa mdudu asiyelipwa mshahara wala kuagizwa ng'ambo.

Baada ya hapo timbo lilianza kujilipia. Yalichimbwa mabwawa ya samaki, na mamba pia wakafugwa. Mwaka 1984 timbo lilifunguliwa kama bustani kwa wageni wenye kulipa kiingilio, na mwaka 1987 Haller akatunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Bustani sasa inaitwa Haller Park. Ilipata umaarufu wa dunia baada ya tsunami ya Desemba 2004, pale mtoto wa kiboko aitwaye Owen, aliyeokolewa baharini karibu na Malindi, alipomng'ang'ania kobe mzee aitwaye Mzee. Wageni waliwafuata hao wawili. Jongoo hakupigwa picha.

Hata hivyo msitu huo usitumike kufunika tanuri. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwa joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi mpaka yawe klinka, na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayotoka, takriban asilimia 60, hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Ungebadilisha makaa yote kwa nishati safi, jiwe bado lingeitoa. Mivinje ya timbo moja haiwezi kufuta hesabu hiyo, na mchambuzi anayeisifu bustani bila kutaja tanuri amesimulia nusu ya habari.

Kwenye tanuri pia kuna yaliyofanyika. Huko Kasese, Uganda, kiwanda cha Hima, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa chini ya Bamburi, kilichoma maganda ya kahawa kama sehemu ya nishati yake na kugawa miche ya kahawa kwa wakulima. Njia inayogusa jiwe lenyewe ni kupunguza klinka, kwa kuichanganya na pozolana, mawe ya volkano yanayosagwa bila kuchomwa upya.

Desemba 2024 Amsons Group ya Tanzania ilikamilisha ununuzi wa Bamburi, kwa hiyo hesabu ya tanuri sasa ni yake. Mnunuzi wa saruji naye anaweza kuchangia kupunguza klinka, akianzia kwenye maandishi ya mfuko. CEM I ni klinka karibu tupu. CEM IV ina pozolana, na ile ya daraja la nguvu la 32.5 inatosha kwa plasta na kujengea matofali. Kwa nguzo na slabu za ghorofa, fundi ataomba 42.5.