Tovuti nzuri isiyojua majina yetu



Habari za ufundi wa tovuti hazikosekani. Mwaka 2022 Adobe ilitangaza kununua Figma kwa dolari miliari 20, halafu Desemba 2023 mpango ukaanguka. Mwezi wa tano 2025 Figma yenyewe ikatangaza Figma Sites na Figma Make. Hii ya pili unaiandikia maneno machache, akili bandia inakutolea ukurasa mzima. Vijana wetu wa Butembo na Beni wanafuata hayo yote, na ni vizuri. Lakini ukifungua tovuti nyingi zinazotengenezwa hapa kwetu, utakuta ugonjwa ni ule ule wa zamani. Chombo kipya hakiuponyeshi, kinauongezea mbio tu.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye fomu.

Mkongomani ana jina, postinomu na prenomu. Hii ilitokana na mambo ya 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya kikristo. Baadaye prenomu zilirudi, postinomu nayo ikabaki, na iko kwenye diploma na kwenye kadi ya mchaguzi. Sasa muangalie fomu ya kujiandikisha kwenye tovuti zetu: ina nafasi mbili tu, jina la kwanza na jina la ukoo. Fomu imekuja ndani ya muundo ulionunuliwa tayari, uliotengenezwa kwa ajili ya Marekani ao Ulaya. Fundi amegeuza maneno kwa Kifaransa, ameweka logo, ameachia hapo. Postinomu itaingia wapi?

Kwa sisi Wanande shida inazidi. Majina yetu yanafuata namna watoto wanavyofuatana kuzaliwa: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule kwa wavulana; Masika, Kahindo, Kavira kwa wasichana. Kwa hiyo Kambale si jina la ukoo hata kidogo. Baba anaweza kuwa Paluku, mtoto wake Kambale, mdogo wa huyo Kasereka. Ukipanga orodha ya wanafunzi kwa «jina la ukoo», utapata akina Kambale wasiohesabika, na kile ambacho kingewatofautisha umekitupa inje. Siku ya matokeo mtoto anatafuta jina lake, anakuta wako Kambale Jean wanne, hajui ni yeye yupi. Akiomba nafasi ya kusoma inchi ingine, jina la kwenye tovuti halilingani na la kwenye diploma. Hapo kosa la nafasi moja iliyokosekana linaweza kumugeukia mwaka mzima wa kupoteza.

Fomu hiyo hiyo inadai namba ya posta, na haikubali uendelee bila hiyo. Nani kati yetu anajielekeza kwa namba ya posta? Sisi tunakaa Kimemi, Vulamba, Bulengera, Mususa. Kule Beni ni Bungulu, Mulekera, Beu, Ruwenzori. Mtu anaandika 00000 ili apite, na mwenye tovuti anafurahi eti amekusanya habari. Tena wanaandika mwisho wa kujiandikisha ni saa sita usiku, bila kusema ni saa sita ya wapi. Munajua Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja.

Jambo la pili ni uzito. Vipimo vya HTTP Archive vinaonyesha kwamba ukurasa wa kawaida duniani leo unapita mega 2. Maana yake mega 100 zinaisha hata kurasa 50 hazijafika, na sehemu kubwa inaliwa na picha, kama zile kubwa zinazopishana juu ya ukurasa ambazo hakuna aliyeziomba. Mwaka 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Florida, CNN iliwaelekeza watu kwenye ukurasa wake wa maandishi matupu, ju rezo ingekuwa zaifu. Hiyo ni Marekani! Sisi tulikuwa na Ebola tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, na katikati yake, Januari 2019, intaneti ikakatwa inchi nzima karibu siku 20. Kwetu rezo zaifu si habari ya kimbunga, ni siku ya kawaida. Tovuti ya kwetu ingepaswa kuanza na maandishi, picha zifuate.

Jambo la tatu ni luga. Kuna kurasa zimeandikwa kwa Kiswahili, lakini ndani ya HTML zimetangazwa kuwa «fr». Kipofu anayesikiliza kwa telefone anasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kifaransa, haelewi kitu. Kiswahili kina alama yake, «sw». Kiswahili cha Kongo kina yake, «swc», na Kinande «nnb». Ni herufi mbili ao tatu, na haziombi franka hata moja.

Ninajua mafundi watajibu nini: mteja ndiye analipa, na mteja anataka picha kubwa. Ni kweli. Tena analipa kidogo kidogo, na kazi anaiangalia kwenye ordinateri ya ofisi yenye wifi. Kwa hiyo lawama si ya fundi peke yake. Lakini mteja hawezi kuomba kitu ambacho hajaona kwamba kinakosekana, na kazi ya kumuonyesha ni ya fundi, si ya akili bandia.

Kuna njia moja rahisi. Siku ya kukabizi kazi, umpe mteja telefone ya bei ya chini, wifi imezimwa, umwambie ajiandikishe yeye mwenyewe kwenye tovuti yake, kwa jina lililo kwenye kadi yake ya mchaguzi. Akikosa fasi ya postinomu, atauliza mwenyewe. Hapo ndipo mutaanza kuzungumza juu ya kazi ya kweli na bei yake.