Haki katika Insha za Watoto

Mtoto wa Mbagala au Tandale akiambiwa aandike juu ya dunia yenye haki, mara nyingi huandika kwamba watu wapendane na vita vikome. Maneno ni mema, lakini si yake. Ameyaazima kwa mwalimu, naye hupewa alama kwa kuyarudisha salama.

Shaaban Robert hakuitetea haki kwa njia hiyo. Katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, Karama ashtakiwapo mbele ya mfalme hatosheki kuisifu haki. Husimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mmoja, waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakalipwa kifungo. Nguvu ya utetezi wake imo katika ushahidi huo.

Mtoto wa Dar es Salaam naye ana ushahidi. Asubuhi kituoni, kondakta wa daladala humzuia mlangoni kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Afikapo shuleni, huenda akachapwa kwa kuchelewa. Yafaa aanzie hapo. Mwalimu asimpe methali, bali ampe maswali: Nani alipanda? Nani aliachwa? Ungependa iweje? Pengine ataona kwamba kondakta naye anadaiwa hesabu na tajiri wa gari, na kwamba haki yataka kufikiriwa.

Insha kama hiyo yaweza kumgusa hata mwalimu mwenye fimbo. Hapo hana budi kuchagua: asahihishe tahajia na kuliacha tumaini lisimame, au alifute na kumrudisha mtoto katika maneno ya kuazima.