Nani kamtuma dereva? Neno ‘kuwakilisha’ katika mbio za magari

KILA msimu wa Safari Rally unapowadia, kauli mbili hurudi katika magazeti na redio zetu. Ya kwanza ni kwamba dereva fulani ‘anaiwakilisha Kenya’. Ya pili ni kwamba dereva huyo ni ‘Mkenya mwenye asili ya Kihindi’. Ninavyoona, kauli ya kwanza humwongezea dereva jambo asilokuwa nalo, na ya pili humpunguzia alilo nalo.

Tuanze na ‘kuwakilisha’. Kitenzi hiki kina undugu na nomino ‘wakili’ na ‘wakala’. Kuwakilisha ni kutenda kwa niaba ya mwingine, na anayetenda kwa niaba huwa ametumwa. Mchezaji wa Harambee Stars ameteuliwa, akavishwa jezi, akatumwa. Huyo anatuwakilisha. Dereva wa Safari Rally je? Hujiandikisha mwenyewe au huandikishwa na timu yake. Mwaka 2021, mashindano haya yaliporejea katika ubingwa wa dunia huko Naivasha, Sébastien Ogier alishinda. Yeye ni Mfaransa, gari lake Toyota la Kijapani, timu yenyewe makao yake Ufini. Sasa hapo aliwakilisha nchi gani?

Ati bendera? Katika ubingwa wa dunia, bendera iliyo kando ya jina hufuata pasipoti ya dereva. Hutambulisha tu. Sisi wa Mombasa tusipate tabu kulielewa hili. Majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale yalipeperusha bendera za kwao, lakini nahodha alikuja kuuza tende na mazulia na kurudi na boriti. Hakuna aliyemwita mwakilishi wa sultani. Neno ‘kuwakilisha’ litafaa pale nchi zinaposhindana kwa timu za taifa, kama katika michezo ya FIA iliyoanza Italia mwaka 2019. Kwingineko, ‘dereva Mkenya’ yatosha.

Je, yatosha kweli? Hapa ndipo kauli ya pili inapoingia. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akashinda Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, akahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka uliofuata alishinda Safari, kisha akashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Katika orodha za ubingwa wa dunia wote wawili ni Wakenya, basi. Sisi ndio tunaowatilia mkia wa ‘mwenye asili ya’.

Kiambishi m- katika ‘Mkenya’ hakina nusu wala robo. Mtu ni Mkenya au si Mkenya. Asili ina mahali pake, mathalani mtu anaposimulia maisha ya dereva au historia ya Waasia wa Afrika Mashariki. Lakini katika habari ya nani kamaliza wa ngapi, mkia huo haumweleze msomaji lolote kuhusu mbio. Humwambia tu kwamba huyu ni wetu, ila si sana.

Hapa Mji wa Kale tunaujua uzito wa ‘ila’ hiyo. Waswahili, Wahadhrami, Wabaluchi na Mabohora wamekaa vichochoroni humu vizazi na vizazi, na bado yupo atakayekuuliza, “Wewe hasa asili yako wapi?” Anayeulizwa hivyo kila siku hachukulii kuwa ni swali la sarufi.

Kwa hivyo nawaomba wahariri wa michezo: andikeni ‘dereva Mkenya’, mtaje timu yake na gari lake, mweke nukta. ‘Kuwakilisha’ mwekeeni aliyetumwa. Na hiyo ‘asili’, kabla hamjaiandika, jiulizeni kama mngeiandika pia kwa Ogier.