Setla Amekaa Kando ya Kochi

Fungua kamusi ya Kiingereza kwa herufi S. Kabla hujafika 'seven' utapita 'settee', 'setting', 'settlement' na 'settler'. Yaani kochi, mandhari, makazi na mlowezi, wote mtaa mmoja. 'Squatter' yuko mbali huko mbele, kabanana na 'squash' na 'squirrel'.

Mimi husoma kamusi kama riwaya, na kwa msomaji wa Bokoli riwaya hii ina shida. Kamusi nyingi za shule humweleza 'settler' kama mtu aliyehamia pahali papya kuishi. Papya kwa nani? Wasabaoti walikuwa wanalisha ng'ombe Trans Nzoia kabla mashamba hayajapimwa. Ukifika kwa 'squatter', unaambiwa ni mtu anayekaa kwa ardhi au nyumba ya wenyewe bila ruhusa. Zisome pamoja basi: Mzungu alihamia, Mwafrika akavamia. Kwisha maneno.

Lakini skwota wa Kenya ya ukoloni alikuwa na mkataba, bana. Sheria ya 1918 ilimdai angalau siku 180 za kazi kwa mwaka ndio akubaliwe kuishi shambani, kulima kipande chake na kulisha mifugo. Familia nyingi za Wabukusu zilitoka Bungoma zikaenda mashamba ya upande wa Kitale kwa mpango huo. Sheria ya 1937 ikawapa masetla nguvu ya kuongeza siku za kazi na kupunguza ng'ombe wa skwota. Huyo mtu alikuwa na ruhusa, na aliilipia kwa mgongo wake. Mtoto wa shule akiliangalia neno hilo leo, anamkuta babu yake ameandikwa mvamizi.

'Settlement' ndiyo imenifurahisha, ingawa kwa bahati tu. Kamusi huipa maana kadhaa na kuzipanga kwa namba: pahali watu wanaishi, maafikiano ya kumaliza ugomvi, kulipa deni. Ni kama hazijuani. Sasa chukua ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962. Mashamba ya masetla yalinunuliwa kwa pesa za mkopo, nyingi kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, wakulima Waafrika wakagawiwa vipande, na mkopo wakabaki nao. Makazi, maafikiano na deni vilifika siku moja kwa bahasha moja.

Kiswahili cha vitabuni nacho hakijaokoa kitu. 'Mlowezi' anatoka kwa 'lowea', kuhamia pahali na kupazoea. Ni neno pole sana, linafaa mgeni aliyejifunza kula na wenyeji. Watu wa Trans Nzoia walikataa kutafsiri, wakasema setla, skwota, skimu. Nikipewa kazi ya kuhariri kamusi, hayo matatu nitayaweka ukurasa mmoja, alfabeti ikasirike ikitaka.