UHAKIKI WA LUGHA: Neno ‘karibu’ lilivyobambua rangi ya gari

Kwa kawaida safu hii huhakiki lugha ya vitabu, ya magazeti na ya wanasiasa. Leo nahakiki kijikaratasi kilichokuja ndani ya boksi la mashine ya kuoshea gari. Usinicheke. Kijikaratasi hicho kimenigharimu mlango mmoja wa gari, na si mashine iliyokosea. Ni lugha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, na kuosha gari kwa mpira wa bustani ni kumwaga maji ovyo. Nikanunua mashine ndogo ya nyumbani, ile inayosukuma maji machache kwa nguvu nyingi, pamoja na vikorombwezo vyake: mdomo mwembamba, mdomo mpana, chupa ya povu na brashi. Juu ya boksi paliandikwa kwamba maagizo yapo kwa Kiswahili pia. Nilifurahi mno. Nikampa mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, nikamwambia kwa majivuno ya mwalimu, “Achana na Kiingereza, soma hapa kwa Kiswahili.”

Akasoma. Sentensi ya tatu katika sehemu ya kuosha ilisema hivi: “Weka pua karibu sentimita 30 kutoka kwa rangi.” Kijana akaiweka pua karibu. Mlango wa nyuma, ambao ulikuwa umepigwa rangi upya baada ya kugongwa na bodaboda, ukaanza kubambuka vipande vipande. Nilipotoka nje kwa kelele alinitazama kwa mshangao. “Mjomba, mimi nimefanya vile karatasi imesema. Si imesema karibu?”

Nilitaka kumgombeza. Kisha nikakisoma kijikaratasi mwenyewe, nikanyamaza. Mtoto hakukosea.

Tulitazame neno lenyewe. ‘Karibu’ lina kazi nyingi katika Kiswahili. Hukaribisha mgeni. Hueleza umbali mfupi, kama katika “sogeza kiti karibu”. Hukadiria idadi, kama katika “watu karibu 30 walihudhuria”. Mfasiri alikusudia matumizi haya ya mwisho. Lakini alilitanguliza neno ‘weka’, na masikio yetu yamezoea tangu utotoni kwamba ‘weka’ na ‘karibu’ zikifuatana, kitu kinasogezwa. Nambari iliyofuata ikabaki kama pambo tu. Kwa msomaji aliyeshika mashine inayonguruma, sentensi hiyo iliisha kwenye neno ‘karibu’.

Baadhi ya wasomaji watasema dawa ni kuandika ‘takriban’. La hasha. Takriban sentimita 30 huweza kuwa 33, na huweza vilevile kuwa 25. Agizo lenyewe si kadirio, ni mpaka. Mtengenezaji anataka usiuvuke. Kiswahili kina namna ya kusema hivyo bila utata: “Acha nafasi isiyopungua sentimita 30 kati ya mdomo wa mashine na gari.” Hapo hata anayesoma kwa haraka hawezi kukosea. Tena tumeepuka “kutoka kwa rangi”, kosa ambalo limeenea mno nchini. Tunatoka kwa mtu: kwa shangazi, kwa daktari. Rangi si mtu wa kutembelewa.

Huenda ukasema haya ni mambo madogo ya walimu wa sarufi. Basi tupime udogo wake. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 na kitu. Mashine nyingi za nyumbani husukuma maji kwa zaidi ya baa 100. Maji hayo yakitoka kwenye mdomo mwembamba na ukiwa karibu mno, hubambua rangi iliyolegea, huharibu ubavu wa tairi, na huweza kupenya ngozi ya binadamu. Jeraha lake huonekana dogo, kama la sindano, kumbe ndani limeharibika na linahitaji daktari upesi. Mlango wangu nitaupaka rangi. Mkono wa kijana je?

Kwa hivyo nilikaa na kijikaratasi hicho kama ninavyokaa na mswada wa riwaya, kalamu nyekundu mkononi. Makosa yake nayagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la maneno yenye maana mbili katika Kiingereza ambayo mfasiri aliyachukua kwa maana isiyohusika. Kuna onyo lisemalo, “Usikimbie pampu kavu.” Nililisoma mara tatu nikimtafuta anayekimbia. Kumbe Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mtu anayekimbia na kwa mashine inayofanya kazi. Maana iliyokusudiwa ni kwamba pampu isiwashwe bila maji ndani yake, kwa sababu itapata joto na mipira yake ya ndani itaharibika. Kwa Kiswahili: “Usiiwashe mashine kabla maji hayajapita ndani yake.” Fungua mfereji, bonyeza kishikio mpaka hewa iishe na maji yatoke bila kukatika, ndipo uwashe. Onyo jingine lasema, “Usielekeze maji kwa sehemu zinazoishi.” Nani anaishi kwenye mashine? Hapa palikuwa na neno la Kiingereza linalotumika kwa kiumbe kilicho hai na pia kwa waya unaopitisha umeme. Mkenya yeyote, awe wa Kisumu au wa Likoni, angeelewa mara moja ukimwambia asirushe maji penye stima. Onyo la kuokoa maisha limegeuzwa kitendawili.

Fungu la pili ni la majina ya vifaa. Kijikaratasi hiki kina ‘bunduki’, kina ‘mkuki’ na kina ‘mzinga wa povu’. Ukikisoma bila kuona picha utadhani ni taarifa ya vita. Sisemi sitiari ni mbaya. Kiswahili chenyewe hutaja mdomo wa chupa, shingo ya mtungi, meno ya msumeno na mguu wa meza. ‘Bunduki’ naweza kuivumilia, maana kifaa hicho hushikwa na kubonyezwa kama bunduki, na hata vijana wa kuosha magari kando ya barabara huiita hivyo. Lakini ‘mkuki’ kwa mrija mrefu wa chuma unaorusha maji haumsaidii mtu. Mkuki hurushwa wenyewe. Na ‘mzinga’, mbali na kuwa silaha na makao ya nyuki, mjini Nairobi una maana nyingine inayojulikana vyema na wapenzi wa pombe kali. Mpwa wangu alicheka alipofika hapo, na sikumlaumu. Kifaa chenyewe ni chupa inayochanganya sabuni, maji na hewa. Kiite chupa ya povu. Vivyo hivyo ‘pua’: katika Kiswahili kinachotoa maji ni mdomo. Pua hutoa maji ikiwa na mafua.

Fungu la tatu ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa halitokani na ugumu wa Kiingereza bali na kutoujua utajiri wetu. Hatua za kazi zimeandikwa hivi: “Osha gari kwa maji. Osha gari kwa povu. Osha gari tena kwa maji. Osha kwa kitambaa.” Osha, osha, osha, osha! Katika lugha ambayo mtu hunawa uso, huoga mwili, hutawadha kabla ya swala, hufua nguo, huosha vyombo (Mombasa watasema hukosha), hupiga deki sakafu, husugua sufuria na kusuuza bilauri! Lugha chache zimegawanya kazi ya maji kwa umakini hivi. Kila kitenzi kina mkono wake na nguvu yake.

Na katika kuosha gari tofauti hizo zina faida hasa. Hatua ya kwanza ni kulowesha na kuondoa matope kwa maji matupu, kwa sababu chembe za mchanga zikisuguliwa kwa kitambaa huacha mikwaruzo. Ya pili ni kupaka povu, kisha kuliacha dakika chache lilainishe uchafu bila kulisubiri likauke. Ya tatu ni kusugua taratibu kwa kitambaa laini, ukiwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Ya nne ni kusuuza gari kuanzia juu kwenda chini. Ya tano ni kupangusa. Lowesha, paka, sugua, suuza, pangusa. Vitenzi vitano, kila kimoja na kazi yake. Mfasiri aliyetumia ‘osha’ mara nne amemwacha msomaji akisugua mchanga kwenye rangi na kudhani anatii maagizo.

Haki haina budi kutendeka. Kijikaratasi kina sentensi moja nzuri: “Gari likiwa limepigwa na jua, lisubiri lipoe kwanza.” Hiyo haikutafsiriwa neno kwa neno. Imetungwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya gari lililowashwa na jua la adhuhuri. Kiambishi -ki- kimetua mahali pake, na hakuna neno linalomkwaza msomaji. Laiti mtu huyo angeachiwa kurasa zote.

Sasa niwageukie wenzangu wa taaluma, maana nasi hatuna mikono safi. Tukikabidhiwa kijikaratasi hiki tukirekebishe, wengine wetu tungekimbilia ‘kanieneo’ pale walipoandika ‘shinikizo’. Ni istilahi halali ya fizikia na ina nafasi yake darasani. Lakini mtu anayepima tairi kwenye kituo cha mafuta husema ‘presha’, na presha tayari imekuwa Kiswahili kinywani mwake. Kosa la kijikaratasi si kuchagua neno hili badala ya lile. Kosa ni kwamba ukurasa mmoja umeandika ‘shinikizo’, unaofuata ‘mgandamizo’ na wa tatu ‘nguvu’, zote kwa kitu kimoja. Msomaji atatafuta vitufe vitatu ilhali kipo kimoja. Katika shairi tunasifu mwandishi anayebadilisha maneno. Katika maagizo ya mashine, kitu kimoja kiwe na jina moja mwanzo hadi mwisho.

Nadharia hazikosi la kusema hapa. Mmarekani Eugene Nida, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu sayansi ya tafsiri, alitaka tafsiri ipimwe kwa namna inavyopokewa na msomaji wake mpya. Mjerumani Hans Vermeer naye alijenga nadharia yake juu ya neno la Kigiriki, skopos, yaani lengo: tafsiri huongozwa na kazi inayokusudiwa kufanya. Lengo la kijikaratasi cha mashine ni moja tu, mkono wa msomaji ufanye jambo sahihi. Mkono ukikosea, tafsiri imeanguka mtihani, hata kama kila neno lake limo kamusini.

Nimesikia hoja kwamba tushukuru angalau tumewekewa Kiswahili. Kibovu ni bora kuliko kukosa. Nilikuwa mfuasi wa hoja hiyo hadi siku ya mlango. Lau Kiswahili kisingekuwepo, mpwa wangu angesoma Kiingereza polepole, au angeniuliza. Kiswahili kilimpa imani, na imani hiyo ndiyo iliyomponza. Isitoshe, hii si sadaka tunayopewa. Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na lugha rasmi katika Kifungu cha 7, na katika Kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Habari isiyoeleweka si habari.

Watengenezaji wanaweza kuanza na jambo rahisi lisilo na gharama kubwa. Kabla ya kuchapisha, wampe kijikaratasi mtu ambaye hajawahi kuiona mashine, wasimame kando, wamtazame akifanya kila agizo. Pale atakapositasita, sentensi ina kasoro. Wakitaka mtaalamu wa msamiati, wasiende mbali. Vijana wanaoosha magari kando ya barabara zetu wanayo majina ya vifaa hivi na wanajua umbali salama bila kusoma. Msomi na achangie sarufi, kijana achangie neno.

Mimi nimeandika upya kurasa zote kwa mkono, nikazibandika ukutani karibu na mfereji. Jumapili iliyopita kijana alizisoma, akapima nafasi kwa rula yake ya shule, akaosha gari lote bila kuuliza kitu. Kisha akaja na swali: “Mjomba, kwa nini umeandika ‘kitambaa cha kupangusia’ na si ‘cha kupangusa’?” Hilo ni swali la kauli ya kutendea, na wasomaji kadhaa wamewahi kuniuliza vivyo hivyo kuhusu ‘mashine ya kuosha’ na ‘mashine ya kuoshea’. Nitalijibu juma lijalo, inshallah.