Jezi Kama Matini: Nasaba za Kandanda na Maandishi ya Kifuani

Wahakiki wa Kiswahili wameishughulikia kanga kwa miaka mingi. Wameyakusanya majina yake, wameyapanga kwa maudhui, na wameonyesha jinsi mwanamke anavyoweza kumjibu mke mwenzake au jirani yake bila kufumbua kinywa. Kuna vazi jingine lenye maandishi, linalovaliwa kila siku kuanzia Uvira hadi Baraka na kuanzia Kigoma hadi Dar es Salaam, ambalo bado halijapewa heshima hiyo. Vazi hilo ni jezi ya kandanda. Makala haya yanakusudia kuisoma jezi kama matini, hususan jezi za timu zilizojenga nasaba, yaani zile zilizotwaa ubingwa mara nyingi hata ushindi ukahesabiwa kuwa urithi unaopokezanwa baina ya vizazi. Swali letu ni hili: jezi inapobadilishwa, ni kitu gani kinachobaki? Na ni nani mwenye haki ya kuandika juu yake?

Kanga ina pindo, mji na jina. Jezi nayo ina rangi, inayouzunguka mwili wote kama pindo linavyoizunguka kanga. Ina nembo, ambayo ndiyo mji wake. Na ina maandishi. Ulinganisho huu unatufaa, lakini unavunjika mahali pamoja, na hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Jina la kanga huchaguliwa na anayeinunua, kwa kuwa ana neno la kumwambia mtu fulani. Maandishi ya jezi hayachaguliwi na mchezaji, wala na shabiki anayeinunua sokoni. Huandikwa na mwenye fedha au mwenye dola, kisha mwili wa kijana hutumika kuyatembeza.

Ziko nasaba ambazo hazikupata msukosuko huo. Katika hoki ya barafuni, timu ya Montreal Canadiens imetwaa Kombe la Stanley mara 24, zikiwamo mara 5 mfululizo kuanzia mwaka 1956 hadi 1960, na jezi yake nyekundu yenye mkanda wa buluu na herufi C na H imebaki karibu ileile kwa zaidi ya karne moja. Mwandishi Roch Carrier wa Québec aliijengea hadithi fupi, Le Chandail de hockey (1979), kuhusu mtoto ambaye mama yake anaagiza jezi ya Montreal kwa barua, na duka likamletea jezi ya Toronto. Mtoto analazimishwa kuivaa. Hadithi nzima inasimama juu ya kosa hilo moja dogo la duka, kwa sababu kijijini kwao kila mtu anajua kuisoma rangi. Carrier aliweza kuandika hivyo kwa kuwa maana ya jezi ilikuwa imetulia. Kwetu haikutulia. Mashirika yaliondoka, dola ikabadili jina, na kila aliyeingia alitaka kuandika upya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni timu ya Lubumbashi. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi. Mwaka 1966, baada ya kutwaa mataji matatu katika msimu mmoja, ilijiongezea sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. (Wamisionari waliomfundisha mtoto huyo katekisimu bila shaka walijua sifa hiyo ni ya nani.) Ikachukua Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na ikafika fainali mwaka 1969 na 1970 bila kushinda. Fainali nne mfululizo! Ilipokuja siasa ya kurejea uasili katika miaka ya mwanzo ya 1970, tairi la Wabelgiji liliondolewa na jina la Mazembe likashika nafasi yake.

Hebu tuyatazame majina hayo kwa utaratibu wake: mtakatifu, mtakatifu mwingine, kampuni, kisha neno la Kiafrika. Historia yote ya Katanga, yaani misheni, kampuni na dola, imejiandika katika cheti kimoja cha kuzaliwa. Lakini mistari myeusi na myeupe ilivuka. Aliyekuwa shabiki wa Englebert hakuhitaji kufundishwa kuipenda Mazembe, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshaitambua kabla masikio hayajazoea jina jipya. Hata lakabu ya timu, Kunguru, inasomeka katika rangi: kunguru wa kwetu ni mweusi mwenye kifua cheupe. Nembo nayo ni mamba aliyeuma mpira kwa meno. Ni matini ya wanyama wawili, wala hakuna hata mmoja anayehitaji maandishi ili aeleweke.

Nasaba hiyo ililala kwa muda mrefu, kisha ikaamka chini ya uongozi wa Moïse Katumbi: ubingwa wa Afrika mwaka 2009, tena mwaka 2010, tena mwaka 2015. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako ilifungwa na Inter ya Milano mabao 3-0. Aliyemwona kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio baada ya kila bao hakuuliza jezi ile ilishonwa na kampuni gani.

Kinshasa tutapita upesi. Victoria Club iligeuka Vita Club, na mashabiki wake hawakuona ajabu yoyote. Msemaji wa Kiswahili ndiye anayetabasamu anaposikia kwamba mabingwa wa Afrika wa mwaka 1973 wanaitwa Vita. Ni sadfa tu ya sauti, lakini inaonyesha kwamba jina likishatoka mikononi mwa aliyelitoa, kila lugha hulichukua kwa namna yake.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania inatupa ushahidi wa pili. Klabu ya Sunderland ya Dar es Salaam ilibadili jina mwaka 1971 na kuwa Simba, lakini wekundu haukuguswa. Watani wao, Yanga, wenye kijani na njano, walikwenda mbali zaidi katika kuilinda rangi. Vodacom ilipokuwa mdhamini wa ligi kuu, Yanga walikataa kuvaa nembo yake yenye wekundu, kwa kuwa wekundu ni wa Simba. Wachumi walicheka. Kwa maoni yetu huo ulikuwa usomaji sahihi kuliko wa wachumi: Yanga walitambua kwamba rangi ni neno, na kwamba mdhamini analipia nafasi ya kuandika, halipii haki ya kuifuta sentensi iliyokuwapo kabla yake.

Katika nasaba za klabu, basi, jina hubadilika na rangi hubaki. Tukiigeukia timu ya taifa la Kongo, kanuni hiyo inapinduka.

Jezi iliyovaliwa na Zaire katika Kombe la Dunia la mwaka 1974, huko Ujerumani Magharibi, ni matini bora kabisa katika historia ya kandanda ya Afrika, na tunasema hivyo tukijua vizuri matokeo: 2-0 mbele ya Uskoti, 9-0 mbele ya Yugoslavia, 3-0 mbele ya Brazil. Jezi ilikuwa ya kijani na njano, na katikati ya kifua palikuwa na duara lenye kichwa cha chui. Anayeikumbuka bendera ya Zaire atatambua mara moja kilichofanyika. Bendera ilikuwa uwanja wa kijani wenye duara katikati, na ndani ya duara mkono ulioshika mwenge. Jezi ililichukua umbo lilelile, ikauondoa mwenge, ikamweka chui. Naye chui alikuwa nani, ikiwa rais wa nchi hakuonekana hadharani bila kofia ya ngozi ya chui? Mchezaji alivaa bendera, na ndani ya bendera alimvaa Mobutu.

Yatupasa basi kuieleza ajabu moja. Jezi iliyobuniwa kumtukuza mtu mmoja ilitakiwa ife pamoja naye, na haikufa. Sababu tunaiona katika miezi michache iliyotangulia, huko Misri, ambako timu hiyo ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika na Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 katika mashindano hayo. Kwa mabao yale watu walimnyang'anya Mobutu chui wake. Kuanzia hapo chui alikuwa wa Ndaye na wenzake, na dola ilipoanguka haikuanguka naye.

Serikali mpya ya mwaka 1997 haikulielewa jambo hilo. Bendera ilirudishwa kuwa ya buluu yenye nyota, jezi ikawa ya buluu, na timu ikapewa jina la Simba. Mtu angedhani kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tungefurahi: hatimaye neno letu lilikuwa kifuani mwa taifa, mahali ambapo Kifaransa kilikuwa kimezoea kukaa. Lakini hapa Uvira neno hilo lilikuwa na msomaji wake tayari. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji huu kabla hawajaenea sehemu kubwa ya mashariki, na Laurent-Désiré Kabila alikuwa miongoni mwa viongozi wa vita vile. Mzee wa Uvira alisikia katika jina la timu jambo ambalo kijana wa Matadi hakulisikia. Kwa hiyo jina lilisema mambo mawili: huko magharibi lilikuwa geni, na huku kwetu lilikuwa limejaa kupita kiasi. Timu ilishika nafasi ya tatu barani Afrika mwaka 1998, huko Burkina Faso, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba Simba hakushinda kitu. Alishinda, lakini hakupendwa. Mwaka 2006 nchi ilipata bendera nyingine, na chui akarudi. Rangi za Mobutu hazikurudi naye. Jina peke yake ndilo lililovuka tawala mbili, kinyume kabisa na ilivyokuwa Lubumbashi.

Tunaona basi kwamba si rangi wala jina, kwa asili yake, linalodumu. Hudumu kile ambacho watazamaji wamekwisha kukichukua kutoka kwa mwandishi wa kwanza. Kwa kigezo hicho tunaweza sasa kuyahakiki maandishi ya miaka ya karibuni, ambayo yanatugusa zaidi sisi wa bonde la Ruzizi.

Mwaka 2018 klabu ya Arsenal ya London iliandika kwenye mkono wa jezi yake maneno Visit Rwanda. Baadaye Paris Saint-Germain na Bayern Munich nazo ziliingia mikataba na serikali hiyohiyo. Kisarufi ni sentensi ya amri isiyo na mtenda aliyetajwa: tembelea Rwanda. Kwa mtalii wa Ulaya ni mwaliko. Lakini jezi za Ulaya haziishii Ulaya. Humalizia maisha yao katika marobota ya mitumba, na masoko ya bonde hili yote yanazijua. Humo amri hiyo inavaliwa na mtoto anayeishi pande za mpakani, katika mkoa ambao Umoja wa Mataifa umeandika ripoti nyingi juu ya majeshi na makundi yanayovuka mipaka. Nani anamwambia nani atembelee wapi? Mtoto anaipenda Arsenal, na hakosei kuipenda. Sentensi ndiyo iliyopotea njia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Kongo iliziandikia klabu hizo kuzitaka zivunje mikataba. Agosti mwaka huo Bayern iligeuza wake kuwa wa kukuza vipaji, na Novemba Arsenal ilitangaza kwamba wake ungekoma mwishoni mwa msimu wa 2025/26.

Lakini Julai 2025 serikali yetu yenyewe iliingia mkataba wa miaka minne na FC Barcelona, ambao vyombo vya habari viliukadiria kuwa zaidi ya euro milioni 40, ili mgongoni mwa jezi za mazoezi paandikwe R.D. Congo – Cœur d'Afrique, yaani moyo wa Afrika. Hapa uhakiki hauwezi kunyamaza kwa heshima ya bendera. Sentensi hiyo ni dhaifu kuliko ile inayoijibu. Haina kitenzi. Imeandikwa kwa lugha ambayo shabiki wengi wa Barcelona hawaisomi, na iko mgongoni, katika jezi ambayo haivaliwi kwenye mechi. Zaidi ya hayo, imekubali masharti ya mpinzani: kwamba hadhi ya nchi ni nafasi inayokodiwa kwenye kitambaa cha watu wengine. Mwanamke wa pwani aliyetukanwa kwa kanga hajibu kwa kukodi bega la mpita njia. Hutafuta kanga yake.

Na kanga hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana. Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa dhidi ya Kodivaa, wimbo wa taifa ulipokuwa ukiimbwa wachezaji wa Kongo waliziba vinywa kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili wakaigiza bastola kwenye vipaji vyao. Hakuna mdhamini aliyelipia ishara hiyo na hakuna wizara iliyoibuni kama nembo. Katika vijiji kama Mutarule, ambako usiku wa tarehe 6 Juni 2014 waliuawa watu wasiopungua 30, haikuhitaji mfasiri. Jezi ilikuwapo, na chui wake, lakini kwa muda wa wimbo mmoja matini ilihama kutoka kwenye kitambaa ikaingia mikononi mwa waliokivaa. Wimbo ukaisha, mikono ikashuka, mchezo ukaanza. Kodivaa walishinda bao 1-0.